Mama ameacha vidonge vya sukari kwa ajili ya mafuta ya habasoda: nimwambie nini?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 61. Ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na presha mwaka wa nne. Anatumia metformini na glibenklamidi kwa sukari, na amlodipini kwa presha. Rafiki yake alimletea chupa ya mafuta ya habasoda akamhakikishia kwamba yanatibu kila kitu. Sasa anakunywa vijiko viwili vya mezani kila asubuhi, na leo ni siku ya 12 tangu aache vidonge vyote. Nikimgusia ananijibu kwamba dawa hii ilitajwa na Mtume, na kwamba kwenye simu yake ana utafiti unaoonyesha inashusha sukari. Je, ni kweli inasaidia? Na kama inasaidia, kuna ubaya gani akiendelea nayo? (Binti yake)

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Kabla sijaigusa habasoda, mtoboe mama kidole umpime sukari leo. Siku 12 si kidogo, na sukari ikipanda haina kawaida ya kupiga hodi. Nimeshaona watu wenye 18 wamesimama mbele yangu wanacheka, wakiniambia hawajajisikia vizuri namna hii kwa miaka. (Hapa natumia kipimo cha milimoli. Kama mashine yenu inaonyesha miligramu, gawanya kwa 18.) Akiwa na kiu isiyokatika, anaamka usiku kukojoa mara kwa mara, anatapika, anapumua haraka, au ameanza kusinziasinzia na kukujibu kwa kuchelewa, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali leo hii. Kama hana dalili hizo, kesho aende kwa daktari wake arudishiwe dawa kwa utaratibu. Nasema kwa utaratibu kwa sababu metformini iliyoachwa ikarudishwa kwa dozi kubwa siku ya kwanza huweza kuvuruga tumbo, na mama akishaharisha usiku mmoja atakuambia: umeona, sumu yenu hiyo.

Sasa swali lako. Ndiyo, habasoda inasaidia. Nalitamka hili mapema kwa sababu nahisi ulitaka nikuandikie kwamba ni upuuzi ili ukamwonyeshe mama. Si upuuzi. Utafiti alio nao kwenye simu huenda ni wa kweli kabisa. Ila tafiti hizi zina jambo moja ambalo waliomtumia hawakumsomea, na jibu langu lote linalizunguka hilo.

Chukua utafiti unaotajwa kuliko wowote kwa upande wa kisukari, uliofanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 94 wenye kisukari aina ya pili waligawanywa makundi matatu, wakapewa habasoda iliyosagwa ndani ya kapsuli: kundi la kwanza gramu 1 kwa siku, la pili gramu 2, la tatu gramu 3, kwa miezi mitatu. Waliopewa gramu 2 walifanya vizuri kwelikweli. Sukari ya asubuhi ilishuka, na kile kipimo kikubwa kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilishuka kwa pointi 1.5 hivi za asilimia. Mtu anayeijua kazi hii akiona namba hiyo lazima asimame aangalie tena. Na wale watu, wote 94, waliendelea kumeza vidonge vyao vya sukari. Habasoda iliwekwa juu ya dawa, kama nyongeza. Utafiti ambao mama anautumia kama kibali cha kuacha vidonge ulifanywa kwa watu ambao hawakuacha vidonge.

Na si huo tu. Tafiti nyingi za habasoda kwa wagonjwa zimejengwa hivyo, na sababu ni nyepesi: hakuna kamati ya maadili ya utafiti itakayokuruhusu umnyang'anye mgonjwa wa kisukari dawa inayomfaa ili ujaribu mbegu. Kwa hiyo swali la kama habasoda peke yake inaweza kushika nafasi ya metformini na glibenklamidi, kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka tisa, tafiti hizo hazikuliuliza. Mama ndiye anayelijaribu, peke yake, bila daktari na bila kipimo.

Tuzipime nguvu zenyewe, maana neno "inashusha" halina maana mpaka useme inashusha kiasi gani. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio saba ya kisukari wakayajumlisha. Wastani ulioonekana ni sukari ya asubuhi kushuka kama miligramu 18 kwa desilita, yaani milimoli 1, na kipimo cha miezi mitatu kushuka kwa pointi 0.7 hivi. Kwa hiyo ile 1.5 ya Saudi Arabia ilikuwa upande wa juu. Mwenye 10 asubuhi, habasoda inampeleka 9. Mimi siidharau hatua hiyo. Mtu akiitunza kwa miaka, macho na figo zake vitafaidika. Lakini metformini peke yake kwa kawaida hushusha kipimo hicho cha miezi mitatu kwa pointi 1 hadi 1.5, na glibenklamidi iko hapo hapo. Mama ameondoa dawa mbili za namna hiyo, akaweka kitu chenye kama nusu ya nguvu ya moja.

Kwenye presha pengo ni kubwa zaidi. Majaribio 11 yalijumlishwa mwaka 2016: ile namba ya juu ilishuka kwa pointi 3 na ushee, ya chini kwa karibu 3. Amlodipini aliyoiacha kwa kawaida hushusha ya juu kwa 10 au zaidi. Kama alikuwa 138 akiwa na dawa, leo anaweza kuwa 150 na kitu hata akinywa habasoda asubuhi, mchana na jioni. Nayo presha ni bubu kuliko sukari.

Nilitaka kuyaweka hayo kwanza, kwa sababu ndiyo yanayomgusa mama. Sasa nikueleze mbegu yenyewe na inakosaidia, usije ukadhani nimekuja kuisema vibaya.

Habasoda ni mbegu ya mmea mfupi wenye majani membamba kama nyuzi na maua meupe au ya samawati iliyopauka. Wataalamu wa mimea wanauita Nigella sativa. Si ndugu wa binzari nyembamba, si ufuta mweusi, na si mbegu ya kitunguu, ingawa majina hayo huchanganywa na yake kila siku. Ufuta ni rahisi kuujua, una umbo la tone na ni bapa, laini. Mbegu ya kitunguu ndiyo inayowapoteza watu, kwa kuwa nayo ni nyeusi na ina pembepembe. Isage kati ya vidole viwili uinuse: habasoda hupanda puani mara moja, harufu kali ya kiungo yenye uchungu ndani yake, ya kitunguu haikuambii kitu.

Zaidi ya robo ya uzito wa mbegu hiyo ni mafuta, mara nyingi theluthi au zaidi. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti. Kinachowafanya watafiti wakeshe nayo ni sehemu ndogo mno, yale mafuta mepesi yanayoruka hewani ukifungua chupa, ambayo kwa kawaida hayafiki asilimia 3 ya mbegu. Ndani yake mna thaimokwinoni. Katika maabara, thaimokwinoni hutuliza uvimbe wa ndani ya mwili na kuzuia zile chembe kali zinazounguza seli. Hilo linaeleza kwa nini mbegu moja inaonekana kugusa magonjwa mengi yasiyofanana: pumu, baridi yabisi, mafua ya mzio, sukari, yote yana uvimbe wa aina hiyo ndani yake. Linaeleza pia kwa nini inagusa kidogo kidogo kila mahali, bila kulimaliza tatizo lolote.

Pumu ni mfano mzuri. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio ya watu 80 wenye pumu. Nusu walipewa kapsuli ya mafuta ya habasoda ya miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki nne, nusu wakapewa kapsuli isiyo na kitu. Waliopata habasoda walisema pumu imewatulia zaidi: hawaamki sana usiku, hawakamatwi sana kifua. Lakini walipopuliza kwenye mashine ya kupima nguvu ya mapafu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemea. Mimi nalichukua hilo kama faida ya kweli, kwa sababu mgonjwa halali na mashine, analala na kifua chake. Ila hakuna aliyeambiwa atupe dawa yake ya kuvuta.

Baridi yabisi: wanawake 40, mwaka 2012, kapsuli zile zile za miligramu 500 mara mbili kwa siku, na viungo vilivyovimba vikapungua, na kule kukakamaa kwa viungo asubuhi pia. Lehemu mbaya hushuka kama miligramu 14 kwa desilita. Uzito hupungua kilo 2 hivi, kwa hiyo anayekuuzia kama dawa ya kukondesha anakuuzia kilo mbili. Wanaume wenye tatizo la mbegu za uzazi, 68, walikunywa mililita 2.5 mara mbili kwa siku kwa miezi miwili, na wingi na mwendo wa mbegu vikaboreka; hata hivyo mbegu kuboreka si sawa na mtoto kuzaliwa. Ukurutu wa mikono nao umejaribiwa kwa kupaka, ukaitikia.

Bakteria wa vidonda vya tumbo nitakaa nao kidogo, kwa sababu wana somo ndani yake kuhusu dozi. Watu 88 waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida ya antibayotiki, na wengine walipata omeprazoli pamoja na habasoda ya gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Antibayotiki ziliwaondoa bakteria kwa asilimia 82.6 ya wagonjwa. Habasoda ya gramu 2 ikafika asilimia 66.7, si haba kwa mbegu. Lakini gramu 3 ilirudi chini, asilimia 47.8, karibu sawa na gramu 1. Rudi sasa kwenye ule utafiti wa kisukari: kule nako gramu 3 haikuzidi gramu 2. Tafiti mbili za magonjwa tofauti, na zote zinasema kuzidisha hakukuongeza kitu.

Hapo ndipo vijiko vya mama vinaponisumbua. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Viwili ni mililita 30, sawa na karibu gramu 28 za mafuta. Gramu 2 za mbegu zilizosagwa, zile zilizofanya kazi, zina mafuta yasiyofika hata gramu 1. Mama anakunywa zaidi ya mara 30 ya mafuta yaliyokuwa ndani ya dozi hiyo, na mara sita ya wale wanaume waliokunywa mililita 5 kwa siku. Ukipenda kuhesabu kwa kapsuli za miligramu 500, ni kama anameza 55 kila asubuhi. Tena ni mafuta: gramu 28 zina takriban kalori 250, na kwa mwezi ni zaidi ya robo tatu ya kilo ya mafuta juu ya chakula chake, kwa mtu ambaye daktari huenda alimwambia apunguze uzito.

Nije kwenye saratani, na hapa nitakuwa mkali. Thaimokwinoni huua seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara. Hata dawa ya kufulia huziua ndani ya kisahani. Thaimokwinoni ilipopewa wagonjwa wenye saratani iliyoshindikana, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, waliivumilia vizuri, lakini uvimbe haukuitikia. Yeyote anayekwambia mafuta haya yanatibu saratani hana anachosimamia.

Kuhusu hadithi, mimi ni mfamasia, siyo mwanazuoni, na sitajifanya. Hadithi ya kwamba ndani ya habasoda mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti imo katika Bukhari na Muslim, na mama hakukosea kuitaja. Mpeleke kwa mwanazuoni anayemwamini amuulize kama inamkataza dawa nyingine. Wanazuoni wa zamani walilijadili neno hilo "kila". Al-Khattabi, kwa mfano, aliliona ni neno la jumla linalokusudia maradhi ya aina fulani. Lakini kuna jambo dogo ningependa umsomee mama kwa upole. Katika Bukhari hiyo hiyo, mgonjwa alipoelekezwa habasoda, aliambiwa zichukuliwe mbegu tano au saba, zisagwe, zichanganywe na mafuta na kudondoshwa puani. Tano au saba. Hakuna vijiko vya mezani pale. (Usidondoshe mafuta puani nyumbani kwa kunisoma mimi, hasa kwa mtoto au mzee. Mafuta yakishuka kwenye mapafu huleta nimonia ya aina mbaya.)

Ubaya akiendelea ni upi? Mkubwa nimeshausema, ni dawa alizoziacha. Lakini kuna wa pili unaokuja pale atakaporudi kwenye dawa, na watu hawautarajii. Habasoda ikiwekwa juu ya vidonge inashusha sukari zaidi. Metformini peke yake ni nadra kumwangusha mtu, ila glibenklamidi inaweza, maana inaisukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akija kwangu na daftari la shule la mraba. Kila ukurasa aliuchorea safu tatu kwa rula: tarehe, sukari ya asubuhi, na "niliyotumia". Alianza habasoda bila kuniambia, lakini daftari lilimsema: kuanzia siku fulani safu ya tatu iliandikwa "vidonge + haba". Namba zilitelemka taratibu, 9.8, 9.1, 8.7, 8.2, na mimi nikampongeza. Ukurasa uliofuata palikuwa na 3.4, imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwandiko umepinda kuliko siku zote: "jasho, mikono inatetemeka". Usiku ule hakula, alikuwa na homa kidogo, lakini vidonge na mafuta alivinywa vyote. Mkewe alimpa maji ya sukari, akapona. Daktari wake alipoliona daftari alipunguza glibenklamidi nusu, naye akaendelea na habasoda yake kwa kipimo. Dawa ilipunguzwa, unaona, lakini na mtu aliyekuwa na namba mkononi.

Kwa hiyo mfundishe kila anayeishi na mama: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, maneno kumchanganya, pima. Ikiwa chini ya 3.9, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Mengine niyapitie. Wengi hupata kiungulia, kichefuchefu au tumbo kujaa, zaidi wakinywa bila kula. Wapo wanaotokwa na vipele kwa kupaka, na mara chache sana ngozi imewahi kubabuka vibaya hata kwa waliokunywa. Akitoka malengelenge au vidonda vya mdomo, aache siku hiyo hiyo. Iko ripoti ya madaktari kuhusu mama mwenye kisukari ambaye figo zake zilishindwa ghafla baada ya siku chache za vidonge vya habasoda. Ripoti ya mtu mmoja haithibitishi kitu, lakini kwa mtu mwenye miaka tisa ya kisukari mimi nisingeanza bila kupima figo kwanza. Habasoda pia huweza kupunguza kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa, hivyo anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari wake kujua. Anayetarajia upasuaji aiache wiki mbili kabla, kwa sababu ya damu, sukari na presha. Na wewe mwenyewe, kama una ujauzito, kiasi cha kiungo kwenye chakula hakina neno. Kwa kunywa kama dawa, subiri ujifungue.

Tuje kwenye chupa. Iangalie. Mafuta ya habasoda halisi si meusi kama mbegu. Ni ya rangi ya kaharabu hadi kahawia iliyokolea. Weka tone kwenye ulimi: kwanza uchungu, kisha moto unaopanda nyuma ya koo na kubaki hapo. Yasipochoma hata kidogo, mengi ni mafuta ya kawaida yaliyopakwa jina. Lakini kuchoma nako si cheti. Kiasi cha thaimokwinoni hutofautiana mara nyingi kati ya chupa na chupa, kufuatana na mbegu, namna ya kukamua na muda wa kukaa, na ndiyo maana tafiti mbili zinaweza kutoa majibu mawili. Tafuta yaliyokamuliwa bila moto, kwenye kioo cheusi, yenye tarehe ya kukamuliwa na siyo ya kuisha tu. Yakishafunguliwa yakae mbali na jua na jiko, maana mafuta ya aina hii huchacha upesi. Yakianza kunuka kama rangi ya kupaka iliyokauka, mwaga. Kama lebo imeandikwa "hutibu magonjwa 99" au "acha dawa zote", usiinunue tena, hata kama mafuta ni mazuri: aliyeandika hivyo amekuonyesha anavyojali ukweli.

Halafu kuna mama mwenyewe. Usianze na "nilikuambia". Watu hawaachi vidonge kwa sababu ya chupa peke yake. Mara nyingi walishavichoka. Miaka tisa ya vidonge, tumbo linalonguruma kwa metformini, miguu inayovimba kwa amlodipini (ndiyo, huweza kuvimbisha), na daktari anayemwona kwa dakika tano. Rafiki alikuja na kitu chenye jina zuri, akakaa naye, akamsikiliza. Muulize ni kidonge kipi hasa kinachomtesa. Kuna metformini inayoyeyuka polepole na ni laini kwa tumbo, na zipo dawa nyingine za presha zisizovimbisha miguu. Mara nyingi nimeona mgonjwa akirudi kwenye dawa kwa sababu kidonge kimoja kilibadilishwa, wala hakushindwa kwa hoja.

Ukimwambia achague kati ya vidonge na habasoda, atachagua habasoda. Usimpe uchaguzi huo, maana haupo. Mwambie unataka aendelee nayo, ila kama wale watu 94: juu ya dawa, kwa kipimo, kwa miezi mitatu. Daktari akikubali na figo zikiwa sawa, nusu kijiko cha chai baada ya chakula, mara moja kwa siku, inatosha kuanzia. Mkifika kliniki mwende na chupa yenyewe, siyo maelezo yake, na muombe kipimo cha sukari cha miezi mitatu na cha figo kabla ya kuanza, kisha tena baada ya miezi hiyo. Waulize pia kama glibenklamidi ibaki ilivyo.

Na mnunulie daftari. Lichoreeni safu tatu kama za yule mwalimu, mama aandike kwa mkono wake. Namba utakayoipata leo ukimtoboa kidole ndiyo iwe mstari wa kwanza, na kwenye safu ya tatu aandike ukweli: "haba, vijiko 2, bila vidonge, siku ya 12".